Endelea Hivyo Hivyo

Kwa karibu miaka miwili, kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kutazama watu wakimeza dawa. Nilikaa kwenye ofisi yetu ya chumba kimoja pale Makina, Nairobi, kikombe cha chai upande huu, simu ya ofisi upande ule, na watu wakanifungulia vinywa mmoja baada ya mwingine. Niliwajua kwa meno. Kulikuwa na mwenye pengo la mbele, mwenye ulimi uliopasuka katikati, na fundi mmoja wa Kianda mwenye jino lililoota nyuma ya lingine kama linajificha. Barabarani ningepishana nao nisiwatambue mpaka wacheke.

Mmoja wao alikuwa mama wa Gatina, Kawangware, aliyesuka viondo, vile vikapu vya katani, na kuviuza. Uhai wake ulikuwa mikononi mwangu kwa muda wa siku kumi na moja, na mimi sikujua. Habari hii ni yake, ingawa kwa bahati mbaya ni yangu pia.

Tulikuwa shirika dogo la kufuatilia wagonjwa wa kifua kikuu, ambacho kila mtu hapa anakiita TB. Vidonge vyake humezwa kila siku kwa miezi, na ukirukaruka ugonjwa unarudi ukiwa na hasira zaidi. Kwa hiyo lazima mtu akuone ukimeza. Zamani wahudumu wetu walitembea mlango kwa mlango, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mhudumu akiingia kwenye ploti ya vyumba vya kupanga na ule mkoba wetu wenye nembo, kufikia saa nne ploti nzima inajua nani anakohoa nini, na mwenye nyumba anaanza kutafuta kisingizio cha kumtoa. Wagonjwa wakawa wanatukimbia. Wengine walizima taa na kukaa kimya ndani sisi tukigonga.

Tukaitisha mkutano kuchagua njia nyingine. Mkurugenzi alikuwa ameletewa programu na wafadhili, nzuri sana kwa macho, yenye kutaka nywila ya herufi kubwa na ndogo na maelezo yote kwa Kiingereza. Nikamwuliza kama yeye mwenyewe ameweza kuifungua. Mwingine akapendekeza kundi la pamoja kwenye simu, wagonjwa wote humo, kila mmoja aandike amemeza. Nikamwambia kwamba hilo ni tangazo la ugonjwa, si siri, na kabla ya wiki kwisha mtu atakuwa anauza sufuria humo ndani. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Nesi wetu, mama wa makamo kutoka upande wa Kakamega, alitaka tuwapigie simu tu.

"Mimi nataka kumsikia mtu," alisema. "Nikisikia vile anavuta pumzi, najua kama ako sawa."

"Sista, simu si stethoskopu," nikamjibu, na wote wakacheka. Yeye pia alicheka, lakini kidogo.

Wazo lililoshinda lilikuwa langu. Mgonjwa ajirekodi video fupi kila asubuhi na kuituma kwenye simu ya ofisi, kwa ile programu ya ujumbe ambayo kila mtu Nairobi anayo hata kama hana mkate. Onyesha uso, onyesha dawa, kunywa na maji, fungua mdomo, inua ulimi. Hakuna mkoba, hakuna jirani, hakuna mtu kugonga mlango. Mimi nikiona, nitajibu. Niliandaa hata jibu la tayari ili nisichoke kuandika, nabonyeza mara moja tu linatoka lenyewe: Asante. Endelea hivyo hivyo. Mwishoni kidole gumba kimeinuka.

Ilifanya kazi, na nikavimba kichwa. Wagonjwa waliokuwa wakitukwepa wakawa wanatuma kabla hata sijaosha uso. Mkurugenzi alinitaja mbele ya wageni mara mbili.

Kulikuwa na tatizo moja dogo, nalo nililitatua mwenyewe. Ofisi yetu ilikuwa imegawanywa kwa mbao nyembamba, na upande wa pili wa mbao kulikuwa na benchi la wagonjwa wanaosubiri. Video ikipiga kelele, benchi zima lilisikia. Siku moja msichana kwenye benchi aliitambua sauti ya shangazi yake. Tulinunua vifaa vya kusikilizia vya kuweka masikioni, vikapotea, tukanunua vingine, navyo vikapotea. Basi nikaandika kanuni na kuibandika ukutani kwa mkono wangu: video zote zitazamwe bila sauti. Niliona nimelinda siri za watu. Na kweli nilikuwa nimezilinda.

Ila wagonjwa hatukuwaambia. Tuliwafundisha uso, dawa, maji, mdomo. Hakuna aliyewaambia kwamba hatusikii.

Sijui nieleze vipi asubuhi zile zilivyokuwa. Nyuso arobaini hivi, kila siku, zinasogea karibu na kioo cha simu, zinafunguka, zinaonyesha ndani, zinafunga. Kimya kabisa. Nje muuza maji anapita na mkokoteni, msikitini mtu anajaribu kipaza sauti, na mkononi mwangu mtu anakohoa kwa nguvu zote bila kutoa hata chembe ya sauti. Mwanzoni ilinichekesha. Baadaye nikazoea, na nadhani kuzoea ndiko kulikoniharibu, kwa sababu nilianza kuwaona kama watu wasio na sauti kabisa. Mchana mmoja pale sokoni bwana mmoja mkubwa, mwili kama mlango, aliniuliza bei ya nyanya akidhani mimi ndiye muuzaji. Alikuwa mmoja wa wale wangu wa video, nilimjua kwa meno. Nilikuwa nimemtazama miezi minne. Sauti yake ilitoka nyembamba, ya juu, karibu ya mtoto, nami nikarudi nyuma, nikakanyaga nyanya za watu. Niliogopa kwamba amezungumza. Nikacheka njia nzima kurudi ofisini, lakini sikumsimulia mtu.

Mama wa Gatina alianza kutuma mwezi huo huo. Alikaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja, na dirisha lake lilikuwa na pazia la manjano ambalo jua la asubuhi lilipita ndani yake na kupaka kila kitu rangi hiyo: ukuta, kikombe, viondo vilivyoning'inia, uso wake. Ilikuwa kama kumtazama mtu aliyeketi ndani ya chupa ya mafuta ya kupikia. Alikuwa mtaratibu. Alivaa kitambaa safi kichwani kila siku, kana kwamba anakuja kwetu kwa miguu.

Kila siku, kabla ya kumeza, aliinamisha macho na midomo yake ikatikisika kidogo. Aliombea dawa. Wengi wetu hapa huombea chakula, safari, hata simu mpya, kwa hiyo sikushangaa. Hata nilipenda. Nilimwonyesha nesi siku moja nikamwambia, "Ona huyu anavyobariki vidonge vyake."

Baada ya wiki kadhaa, sala ikabadilika. Hakuinamisha macho tena. Alinitazama mimi, moja kwa moja, na midomo ikaenda muda mrefu zaidi. Halafu ikasimama. Akanyamaza akitazama, bila kufanya lolote, kama mtu aliyemaliza sehemu yake na sasa ni zamu ya mwenzake. Halafu midomo ikasema neno moja fupi, naye akameza.

Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Kila siku alisogea karibu kidogo na simu.

Niseme ukweli, nilianza kumwogopa. Nilipoona jina lake kwenye orodha nilimruka nikawatazama wengine kwanza. Kule kungoja kwake kulinikera, nikasikia kama ananidai kitu. Mara moja niliiweka simu kifudifudi mezani na kwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi. Nesi aliniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu.

"Yule mama wa viondo anaomba sana siku hizi," nikasema.

"Anaomba ama anaongea?"

"Sista, anaomba."

Nilimjibu kwa ukali, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limenipitia mimi pia na nilikuwa nimelifukuza. Ningeweza kupandisha sauti pale pale. Kidole kilikuwa karibu na kitufe. Lakini benchi lilikuwa limejaa, na kanuni ilikuwa ukutani, na mwandiko ulikuwa wangu. Nikamtumia jibu lake. Zilifika siku ambazo nilibonyeza jibu kabla hata hajameza, ili atoke kwenye kioo.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi. Simu yangu haikuwa na chaji, kwa hiyo nikiwa njiani nilikuwa nimesikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa wifi yangu kwenye simu ya ofisi, na nikasahau kurudisha sauti chini. Nilifika ofisini nikafungua video, na wa kwanza kabisa alikuwa yeye. Siku hiyo sikupata nafasi ya kumruka, kidole kilikuwa kimeshagusa.

Chumba kikajaa sauti ya mwanamke.

"Daktari, habari ya asubuhi. Ni mimi tena. Macho bado ni ya manjano, na leo hata ngozi. Jana nimetapika usiku kucha, tumbo hapa kulia inauma sana. Umeniambia niendelee na nimeendelea. Lakini leo nakuuliza tena, tafadhali. Nimeze, ama niache?"

Akanyamaza akinitazama. Nikasikia saa yake ya ukutani, na mtoto wa jirani akilia, na mtu akimwaga maji chini kwenye korido. Vitu hivyo vyote vilikuwapo siku zote.

"Haya," akasema, na akameza.

Upande wa pili wa mbao hakuna aliyekohoa. Halafu mzee mmoja kwenye benchi, kwa sauti ya kawaida tu, akasema, "Si umjibu huyo mama."

Nikampigia. Mteja hapatikani. Nesi alikuwa amesimama mlangoni. Aliwaomba watu wa benchi watoke nje, akafunga mlango, akaketi karibu yangu na kuniambia nirudi nyuma mpaka ile ya kwanza.

Tukasikiliza. Wiki za mwanzo zilikuwa sala kweli, Baba wa mbinguni na asante kwa siku ya leo. Halafu ikaja asubuhi ambayo hakuinamisha macho. "Daktari, mlisema mkojo utabadilika rangi nisiogope, na sikuogopa. Lakini sasa ni macho. Macho hamkusema. Niendelee?" Chini yake: Asante. Endelea hivyo hivyo. Kesho yake alikuwa ametulia, hata anatabasamu: "Sawa daktari, asante, nilikuwa nimeingiwa na woga bure." Chini yake, lile lile jibu. Kisha chakula kikawa hakipiti. Kisha hawezi kukaa kusuka. Siku ya nane alisema, "Jirani ananiambia niende hospitali. Nimemwambia mimi naongea na daktari wangu kila siku, kama kuna shida angeniambia."

Nesi aliondoa miwani. "Ni ini," alisema. "Hizo dawa zinamla ini. Alipaswa kuziacha siku ya kwanza." Akanyanyuka kuchukua koti.

Tulichukua bodaboda mbili pale barabarani. Yangu ilienda kasi na bado nilimpigia kelele yule dereva kwamba anatambaa. Alinijibu, "Madam, tulia basi, tutafika," na nikachukia kwamba anaweza kusema hivyo. Ngazi za ile nyumba zilikuwa na giza hata saa nne asubuhi. Mlango wake ulikuwa umeegeshwa.

Nilikijua chumba kile chote. Nilijua msumari uliokuwa na kalenda, ufa ulioshuka kutoka kwenye dirisha, kikombe chenye sikio lililovunjika. Ila sikuwahi kujua kwamba kinanuka katani na matapishi, wala kwamba ni kidogo hivyo. Alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kichwani. Nesi alivuta pazia kando, na ile rangi ikaondoka ukutani, ikaondoka kwenye kikombe, ikaondoka kwenye viondo. Usoni mwake haikuondoka.

Alinitazama akijaribu kunitambua. Kwake mimi nilikuwa nembo ya duara tu kwenye simu, na maneno.

"Ni wewe daktari?"

"Mimi si daktari, mama," nikasema. "Mimi ni wa ofisi."

Alifikiria hilo kwa muda. Kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi polepole, nesi alishaliona na alikuwa akimshika mkono na kumhesabia mapigo. "Lakini mbona ulikuwa unanijibu," akasema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Majirani watatu walimteremsha kwenye shuka. Nesi alipanda naye gari la kukodi, mimi nikabaki kufunga chumba. Kwenye rafu niliona pakiti za vidonge zimepangwa sawasawa, kila kidonge kilichotakiwa kuliwa kimeliwa. Hakuwahi kuruka hata siku moja. Katika miaka yote ile hatukuwa na mgonjwa aliyetutii kumshinda yeye, na nilisimama mbele ya rafu ile nikatamani angekuwa mkaidi.

Akafa siku ya nne, hospitalini, bila kuzinduka vizuri.

Ofisini tuliketi mkutano mwingine. Kanuni ikabanduliwa ukutani, na kuanzia wiki ile kila mgonjwa akawa anapigiwa simu na nesi, kama alivyotaka tangu mwanzo. Nesi hakunikumbusha. Mkurugenzi alisema kwa upole kwamba tuna utaratibu wa kufuta video za mgonjwa faili lake linapofungwa, na kwamba huenda ni vizuri nifuate utaratibu. Hakunitazama alipokuwa akisema. Nilielewa, na kwa siku mbili nilijaribu. Nilifungua mazungumzo yale, nikayaona yamepangwa uso na jibu, uso na jibu, mpaka juu kabisa, na sikuweza.

Dada yake alikuja kutoka Kitui kuchukua viondo na vyombo. Alipita Makina kwetu kwanza. Wanafanana sana, kitambaa kichwani namna ile ile, na alipoingia mlangoni nilishika meza.

"Wewe ndiye mlikuwa mnaongea na yeye," alisema. "Tulikuwa tunamwambia arudi nyumbani tumuangalie. Akasema hapana, msijali, huku niko na mtu naongea na yeye kila asubuhi. Kwa hivyo hatukujali." Akakaa kwenye kiti cha nesi na kuweka mkoba magotini. "Mama yetu ananiuliza alikuwa anasema nini. Siku za mwisho. Nimekuja uniambie nikamwambie."

Ningeweza kumpa zile za mwanzo, zile za sala. Zilikuwa nzuri, angekwenda nazo Kitui. Wazo hilo lilinijia haraka sana na likiwa limekamilika, nami nililitazama vizuri kabla ya kuliacha. Nikapandisha sauti mpaka mwisho na kumpa simu.

Alisikiliza zote, mwili umeinamia kioo. Hakulia. Alikuwa akisoma pia, niliona macho yake yakishuka kwenye maneno kila video ilipokwisha, kisha yakipanda. Alipofika ile ya Alhamisi, yenye mtoto wa jirani na maji ya korido, aliirudia mara mbili.

"Hapa anauliza," alisema. "Na hapa. Na hapa anauliza tena."

"Ndiyo."

"Na huyu anayemwambia aendelee ni nani?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unamsikia?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna siku niliyomsikia."

Alionekana kutafuta mahali pa kuweka jambo hilo na kukosa. Video ilikuwa imesimama pale dada yake anaponyamaza, uso karibu kabisa na kioo, macho wazi, akingoja.

"Sasa," akaniuliza, "alikuwa anaongea na nani?"